Nani Analipia Gunia la Mbolea? Mhadhara Kuhusu Kuandika Uchambuzi wa Sera



Nimeombwa nizungumzie karatasi ambayo wanafunzi wa uchumi, kilimo, siasa na utawala wa umma hutakiwa kuiandika karibu kila muhula: karatasi ya uchambuzi wa sera. Mwalimu huagiza kwa ufupi kwamba iwe wazi na isipendelee upande. Mwanafunzi huondoka darasani na maagizo hayo mawili, na mara nyingi huyaelewa visivyo yote mawili. Uwazi anaudhania ni kuandika sentensi nyepesi. Kutopendelea anakudhania ni kutoa kurasa nne kwa wanaounga mkono, kurasa nne kwa wanaopinga, kisha kufunga kwa aya inayosema serikali na wadau wote washirikiane. Karatasi ya namna hiyo haimkwazi mtu yeyote, wala haimsaidii mtu yeyote. Ninayoyaamini mimi ni haya: haki katika uchambuzi ni kuwapima wote kwa kipimo kile kile, kisha kuwa na ujasiri wa kutamka kile kipimo kilichoonyesha, hata kikiwaumiza watu wa kwenu.

Nitatumia jambo ambalo kila boma la Ainabkoi, hapa kwetu Uasin Gishu, kuanzia Olare hadi Kaptagat, linalijua: mbolea ya ruzuku.

Tukumbushane kwanza. Bei ya mbolea duniani ilikuwa imeanza kupanda, na vita vya Ukraine vilivyozuka Februari 2022 vikaichochea zaidi. Humu nchini gunia la kilo 50 lilifika Sh6,500. Septemba mwaka huo serikali mpya ilitangaza kwamba mkulima atalinunua kwa Sh3,500, na mwaka 2023 bei hiyo ikateremshwa hadi Sh2,500. Wakulima wakasajiliwa, wakapokea vocha kwa ujumbe wa simu, wakapanga foleni katika maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB. Machi na Aprili 2024 kukazuka kashfa: magunia yaliyokuwa yameuzwa kama mbolea yakagunduliwa kuwa hayakustahili jina hilo. Kila mtu hapa ana maoni kuhusu mpango huu, na hiyo ndiyo sababu ni somo gumu na zuri kwa mwanafunzi.

Wengi huanza kwa kuandika juu ya ukurasa, "Ruzuku ya Mbolea Nchini Kenya." Hiyo ni mada, na mada haina mwisho. Unaweza kuijazia daftari zima bila kuchambua chochote. Swali la sera lina mwenye mamlaka ya kuamua, lina uamuzi unaomkabili, na lina wakati. Kwa mfano: katika bajeti ijayo, Wizara ya Kilimo iendelee kuuza mbolea kwa bei moja kwa kila mkulima aliyesajiliwa, au iweke kikomo cha magunia kwa kila kaya, au ihamishie sehemu ya fedha hizo kwenye chokaa na upimaji wa udongo? Ukishaliuliza hivyo, nusu ya mambo uliyotaka kuyaandika yanajiondoa yenyewe. Historia ya kilimo tangu ukoloni haihitajiki. Ufafanuzi wa neno ruzuku kutoka kwenye kamusi hauhitajiki. Kinachohitajika ni kujua nini kitabadilika, kwa nani, na kwa fedha za nani.

Mwenye mamlaka ni lazima ajulikane kwa jina la ofisi yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaiachia serikali ya kitaifa sera ya kilimo, na linazipa kaunti kazi ya ukuzaji wa mimea na ufugaji. Mwanafunzi anayependekeza kwamba Gavana wa Uasin Gishu ateremshe bei ya mbolea ya kitaifa amebisha mlango usiohusika. Lakini anayependekeza kwamba kaunti iajiri maafisa wa nyanjani na kununua chokaa amebisha panapostahili. Nimeona karatasi zenye mawazo mazuri kabisa zikipoteza nguvu zote kwa sababu hii moja, na inasikitisha, maana mwandishi alikuwa ameshafanya kazi ngumu.

Sasa tuingie penye uzito. Ruzuku hii ina lengo gani? Usikimbie kujibu. Inaweza kuwa inalenga kuongeza mahindi sokoni ili unga ushuke bei Nairobi na Mombasa. Inaweza kuwa inalenga kumwinua mkulima maskini. Inaweza kuwa inalenga kuipunguzia nchi mahindi inayoagiza kutoka nje. Wanasiasa huyataja yote matatu kwa pumzi moja, na ni haki yao. Mchambuzi hana ruhusa hiyo, kwa sababu malengo haya huvutana.

Tuone hesabu. Chukueni bei ya soko ya 2022, Sh6,500, na bei ya ruzuku ya Sh2,500. Tofauti ni Sh4,000 kwa gunia, na tofauti hiyo inalipwa na mlipa kodi, pamoja na mama anayeuza sukumawiki Kapsoya asiye na hata kipande cha shamba, kwa maana hulipa kodi kila anaponunua sabuni. Mkulima wa ekari 2 akitia gunia moja la kupandia na moja la kukuzia katika kila ekari, atahitaji magunia 4, na atakuwa amesaidiwa kwa Sh16,000. Mwenye ekari 50 atahitaji magunia 100. Ikiwa hakuna kikomo, amesaidiwa kwa Sh400,000. Bei ni ileile, ghala ni lile lile, foleni ni ile ile, lakini msaada umetofautiana mara 25.

Hesabu hii ni ya kielelezo, na mwanafunzi mwangalifu atasema hivyo. Bei za aina za mbolea hutofautiana. Zaidi ya hayo, bei ya dunia ilishuka mwaka 2023, kwa hiyo anayeendelea kutumia Sh6,500 katika karatasi ya leo anaukuza msaada kuliko ulivyo. Tarehe ya bei ni sehemu ya ukweli wa bei. Iandikeni.

Je, tofauti ile ya mara 25 ni dhuluma? Hapo ndipo wanafunzi hugawanyika, wengine wakilia na mkulima mdogo, wengine wakimtetea mkubwa. Rudini kwenye lengo. Kama lengo ni mahindi mengi sokoni, mwenye ekari 50 ndiye anayeuza ziada inayoulisha mji, na kumsaidia kuna mantiki. Kama lengo ni kumwinua maskini, fedha nyingi zimemfikia asiyezihitaji sana. Na kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalitarajii. Takwimu za kaya za Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba kaya nyingi za wakulima wadogo nchini hununua mahindi mengi kuliko zinavyouza. Mwisho wa 2023 serikali ilipotangaza kununua gunia la kilo 90 kwa Sh4,000, wengi wetu tulishangilia. Lakini jirani ambaye ghala lake huwa tupu kufikia Mei, anayenunua kwa gorogoro, alikuwa upande wa pili wa bei hiyo. Mchambuzi anayeandika "wakulima watafaidika" bila kutaja ni wakulima gani hajaandika kitu.

Kwa hiyo kabla ya kupima chaguo lolote, andika vipimo vyako, na uviandike mapema, kabla hujajua vitampendelea nani: gharama kwa hazina, mavuno yanayoongezeka, nani anafikiwa, na kama mpango unaweza kutekelezwa kwa wakati. Kipimo hicho cha mwisho hudharauliwa sana na watu wa vitabu. Uasin Gishu tunapanda mara moja kwa mwaka, kwa mvua ya Machi na Aprili, na kuvuna kuanzia Oktoba. Mbolea ya kupandia ikifika Mei ni mzigo tu. Anayelima anajua, na aliye ofisini anaweza kuandika kwenye ripoti yake kwamba magunia yote yamesambazwa, naye atakuwa amesema kweli.

Kuna watu ambao hawaonekani katika karatasi nyingi, na kutoonekana kwao ndiko kupendelea kwenyewe, hata kama kila sentensi ina adabu. Mama anayelima shamba lililosajiliwa kwa jina na simu ya mumewe anayefanya kazi mbali. Kijana aliyekodi ekari tatu kwa msimu mmoja. Mwenye agroveti sokoni, aliyekuwa ameagiza mbolea kwa mkopo kabla bei ya ghala haijateremshwa, na ambaye ndiye pekee anayebaki na mbegu na dawa dukani mwezi ambao ghala limefungwa. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mkulima wa viazi, ambao ni wengi katika maeneo haya ya baridi, na ambao huenda wangependa fedha hizo ziende kwenye barabara ya kupitishia maziwa. Huna haja ya kumpa kila mmoja ukurasa. Unahitaji kumuuliza kila mmoja maswali yale yale: unapata nini, unalipa nini, na ungefanya nini kama mpango huu usingekuwepo?

Swali hilo la mwisho ndilo moyo wa uchambuzi. Thomas Jayne wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, pamoja na wenzake, walilichunguza kwa Malawi, Zambia na Kenya, wakachapisha matokeo yao mwaka 2013. Waliona kwamba sehemu ya mbolea ya ruzuku huenda kwa watu ambao wangeinunua hata hivyo kwa bei ya duka. Gunia la namna hiyo huokoa fedha za mkulima, na si jambo dogo, lakini haliongezi gunia jipya shambani. Kwa hiyo ukihesabu magunia yote yaliyouzwa kuwa ndiyo faida ya mpango, umezidisha. Malawi ilianza ruzuku kubwa baada ya mavuno mabaya ya 2005, na mavuno yaliyofuata yakapanda. Waliopenda ruzuku waliyaweka mavuno hayo mbele. Waliotilia shaka waliuliza ni kiasi gani kilitokana na mvua nzuri, na ni kiasi gani cha bajeti ya kilimo kilichomezwa na mpango mmoja. Wote walikuwa na hoja. Uchambuzi wa haki huziandika hoja hizo mbili kwa nguvu ambayo wenyewe wangeitambua, hata aliyeko upande wa pili akisoma aseme, naam, hivyo ndivyo ninavyoamini.

Na udongo? Sehemu nyingi za kaunti yetu zina udongo wenye asidi, na matumizi ya mbolea ya DAP mwaka baada ya mwaka huiongeza asidi hiyo. Katika udongo kama huo fosforasi hufungwa, mahindi yasiifikie, na mkulima hulipia mbolea ambayo sehemu yake haifanyi kazi. Chokaa hurekebisha hali hiyo. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaweka lengo la kilo 50 za virutubisho kwa hekta kufikia 2015. Ni lengo lililohesabu kilichotiwa ardhini. Halikuhesabu kile ambacho mmea ulikipata. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mijadala yetu ya mbolea imekwama: tunabishana juu ya bei ya gunia, na hatuulizi gunia linaingia katika udongo gani.

Niseme kuhusu kashfa ya 2024, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha waandishi wengi. Yapo mambo matatu, na kila moja lina uzito wake: yanayodaiwa, yaliyogunduliwa, na yaliyoamuliwa. Kwamba magunia yasiyo na ubora yaliwafikia wakulima kupitia mpango wa serikali, hilo liligunduliwa. Kwamba Waziri wa Kilimo wakati huo, Mithika Linturi, aliwajibika binafsi, hilo lilidaiwa: tarehe 2 Mei 2024 Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kumwondoa, na siku chache baadaye kamati teule ya Bunge ikaamua kwamba madai hayakuthibitishwa. Mwanafunzi aliyekasirika huyachanganya yote katika sentensi moja. Nami naelewa hasira hiyo, kwa kuwa msimu ukipotea haurudi. Lakini karatasi yake ikisomwa na mtu anayejua tarehe hizo, hatasadiki hata kurasa zilizobaki.

Je, kashfa inathibitisha kwamba ruzuku ni sera mbaya? Hapana, haithibitishi peke yake. Utekelezaji mbovu unaweza kuharibu sera nzuri. Hata hivyo, njia moja inapopitisha bidhaa zote, kosa moja humfikia kila mtu, na hatari hiyo ni gharama inayostahili kuwekwa kwenye hesabu pamoja na shilingi. Tafuteni ushahidi wa aina hii katika kumbukumbu za Bunge. Mwaka 2018, wakulima walipolalamika kwamba walikaa miezi bila malipo ya mahindi waliyoipelekea Bodi, Seneti iliunda kamati maalumu iliyoongozwa na Seneta wa Uasin Gishu wa wakati huo, Profesa Margaret Kamar. Na ofisi ya umma ikiwa na takwimu ambayo haitaki kuitoa, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuiomba kwa maandishi, na siku 21 za kujibiwa.

Kuna karatasi moja ya zamani ya uchambuzi ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sera nchini aisome. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, kazi ambayo jina la Tom Mboya, aliyekuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, limefungamana nayo. Julai mwaka huo huo, mchumi kijana aliyesoma Hawaii na Harvard, Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliuchambua katika jarida la East Africa Journal. Hakuandika kwamba serikali imeshindwa. Aliushika waraka wenyewe, akauliza ujamaa huo umefafanuliwa wapi, akahoji umiliki wa ardhi wa mtu mmoja mmoja, akahoji uchumi utakuwa mikononi mwa nani, na akapendekeza njia nyingine kwa jina lake mwenyewe. Waweza kuyakataa mapendekezo yake. Huwezi kusema hukuyaelewa.

Waraka ule pia unatugusa sisi. Ulisema fedha za maendeleo zielekezwe mahali penye ardhi nzuri, mvua na miundombinu, ili uzalishaji wa nchi ukue haraka. Sisi wa nyanda hizi za juu tulikuwa upande uliochaguliwa. Turkana, Garissa na Marsabit walikuwa upande uliosubiri, hadi Waraka Namba 8 wa 2012 ulipokiri kwamba maeneo kame yanahitaji sera yake. Ruzuku ya mbolea ya mahindi, ukiipima kwa kipimo hicho hicho, bado ni fedha za taifa zinazoelekezwa mahali penye mvua. Mwanafunzi wa Ainabkoi akiiandika sentensi hiyo katika karatasi yake, anaanza kuwa mchambuzi. Haimlazimishi kuipinga ruzuku. Inamlazimisha kuitetea kwa sababu itakayomridhisha hata msomaji wa Lodwar.

Katika majina ya makundi, tahadharini. Eneo letu la Burnt Forest liliona watu wakifukuzwa makwao mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007. Ukiandika kuhusu nani anapata nini, mtaje mtu kwa hali inayohusika na swali lako: ekari zake, kama anamiliki au anakodi, umbali wake kutoka ghalani. Kabila usilitaje mpaka ushahidi wako uwe unahusu kabila kweli.

Mtaniuliza, mwalimu, wewe ungependekeza nini? Ni haki yenu kujua. Ningependekeza ruzuku iendelee kwa sasa, iwekewe kikomo cha magunia kwa kila kaya, vocha ikubaliwe katika agroveti zilizokaguliwa na si maghalani tu, na fedha zitakazookolewa zinunue chokaa na kulipia upimaji wa udongo. Pingamizi kubwa ninalijua: mwenye ekari 50 anaweza kuwaandikisha wanawe watano, na kikomo kikawa cha karatasi. Rekodi za usajili zikionyesha kwamba sehemu kubwa ya magunia tayari inaenda kwa wenye ekari chache, gharama ya kusimamia kikomo itazidi faida yake, nami ningekiondoa. Kila pendekezo mtakaloliandika liandamane na maelezo kama hayo, yanayoonyesha ni ushahidi gani ungewafanya mbadilishe msimamo. Mwalimu atakayesahihisha ataona kwamba mmepima.

Kuhusu mpangilio nitasema machache. Pendekezo liwe ukurasa wa kwanza. Kila takwimu iwe na mwaka na mahali ilipotoka. Sentensi iwe na mtenda. "Ilionekana inafaa kusitishwa" huficha nani aliona na nani alisitisha.

Na karatasi isiishie kwa mwalimu. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti huwasilisha Waraka wa Mkakati wa Fedha katika bunge lake kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Chokaa, upimaji wa udongo na maafisa wa nyanjani huamuliwa katika karatasi hizo mbili. Andikeni nakala ya pili, ya kurasa mbili tu, kwa Kiswahili, mkampelekee mwakilishi wadi na kamati ya kilimo Januari, wakati vifungu vya matumizi bado vinaweza kuhamishwa. Watawauliza itagharimu pesa ngapi, itatoka kwenye kifungu kipi, na nani atakosa. Majibu hayo matatu yawe yameandikwa tayari kwenye ukurasa wa kwanza.